Sura ya Sita: Ukishatoka Mjengoni

Kila anapotajwa mshindi wa zamani wa shindano la runinga, iwe kijiweni, saluni au kwenye daladala, swali huwa lile lile: "Hivi yule siku hizi yuko wapi? Na zile hela zote alizipeleka wapi?" Anayeuliza huwa tayari ana jibu lake. Alizitapanya. Alizila na marafiki. Alinunua gari. Mara nyingi jibu hilo linamwonea mtu, maana linachukulia kwamba hela zilikuwa nyingi, kwamba zote zilimfikia mkononi, na kwamba baada ya hapo alibaki na kazi moja tu ya kuzitunza.

Sura hii inalichukua swali hilo kwa uzito wake. Inamhusu kijana anayefikiria kwenda kupanga foleni ya usaili, mzazi anayesita kumruhusu, na hata mtu ambaye hatakanyaga studio maishani mwake lakini ana wafuasi elfu ishirini Instagram na kampuni zimeanza kumtafuta. Tukisema runinga ya uhalisia tunamaanisha vipindi ambamo watu halisi, si wahusika wa tamthilia, hurekodiwa wakiishi pamoja, wakishindana, wakipendana au wakigombana. Nitakayoyasema yote yanazunguka jambo moja: pesa ya zawadi ndiyo sehemu ndogo ya biashara hii. Vinavyoamua maisha ya mshiriki ni kile alichokuwa nacho kabla ya kuingia na kile alichokisaini mlangoni.

Tuipigie hesabu zawadi yenyewe

Big Brother Africa ilianza mwaka 2003 kupitia M-Net ya Afrika Kusini. Washiriki 12 kutoka nchi 12 walifungiwa katika jumba moja lililojaa kamera, na Watanzania wakalibatiza "mjengoni". Mwisho Mwampamba alituwakilisha msimu huo, na Cherise Makubale wa Zambia akaondoka na dola 100,000. Mwaka 2007 ushindi ukaja Tanzania kwa Richard Bezuidenhout, naye akapata dola 100,000. Mwaka 2014 Idris Sultan akaurudisha tena nyumbani, safari hii kwa dola 300,000.

Kwa thamani ya wakati ule, dola 300,000 zilikuwa zaidi ya shilingi milioni 500. Ukiitaja namba hiyo mtaani, watu wanaona utajiri wa maisha yote. Sasa igawanye. Milioni 500 kwa miaka kumi, yaani miezi 120, ni kama shilingi milioni nne na laki moja na nusu kwa mwezi. Ni kipato kizuri, na mtu anaishi nacho vizuri kabisa. Lakini ni kipato cha mfanyakazi mwenye cheo, wala si cha tajiri, na hapo hajajenga, hajasaidia ndugu, hajaugua. Na hiyo ndiyo zawadi kubwa kuliko zote ambazo Mtanzania aliwahi kuzipata katika jumba lile.

Shuka kwenye mashindano ya nyumbani. Bongo Star Search ilipompa Walter Chilambo taji mwaka 2012, zawadi ilikuwa shilingi milioni 50. Gawanya kwa miezi 24 unapata milioni mbili na kidogo kwa mwezi. Msanii mchanga anayetaka kutoa nyimbo, kulipia video na kuonekana ana hadhi ya mshindi anaweza kuzimaliza ndani ya mwaka mmoja bila anasa yoyote. Kwa hiyo tukimwona mshindi wa zamani anapanda bodaboda, tusikimbilie kusema alikuwa mlevi au mjinga. Huenda alizitumia vizuri tu, zikaisha.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana kwenye hundi. Wataalamu wa uchumi huiita gharama ya fursa, yaani kile unachokikosa kwa kuchagua kitu kingine. Fundi simu wa Kariakoo akifunga meza yake miezi mitatu, wateja wake hawamsubiri, wanakwenda meza ya jirani. Mwalimu wa shule binafsi akiomba ruhusa bila malipo anaweza kurudi na kukuta nafasi imejazwa. Mshindi mmoja hufidiwa na zawadi. Wale wengine wote wanarudi mtaani na kauli ya "nilikuona kwenye TV".

Kisha kuna kodi. Richard Hatch alishinda msimu wa kwanza wa Survivor nchini Marekani mwaka 2000, mbele ya watazamaji zaidi ya milioni 50, akapewa dola milioni moja. Mwaka 2006 mahakama ilimkuta na hatia ya kutoitangaza pesa hiyo kwa mamlaka ya kodi, akahukumiwa kifungo cha miezi 51. Nchi nzima ilimwona akishinda, na bado suala la kodi likamfikisha gerezani. Popote ulipo, kabla hujagusa senti ya zawadi, nenda mamlaka ya mapato au kwa mhasibu uulize mambo mawili: je, waandaaji wamekwisha kukata kodi, na karatasi inayothibitisha hivyo iko wapi? Kampuni inayolipa zawadi ya milioni 50 haiwezi kushindwa kukupa karatasi moja.

Ulichokisaini mlangoni

Hapa ndipo ningependa msomaji akae muda mrefu, maana hapa ndipo fedha kubwa hupotea bila kelele.

Mwaka 2008 mwanamke mmoja wa New York, Bethenny Frankel, aliingia kwenye kipindi kipya kilichoitwa The Real Housewives of New York City. Alikuwa mpishi na hakuwa tajiri. Kwa msimu wake wa kwanza alilipwa dola 7,250, na amelisimulia hilo hadharani mara nyingi. Lakini alipoletewa mkataba aliusoma. Kilikuwamo kifungu kilichowapa wenye kipindi haki ya kupata sehemu ya kipato cha biashara zake. Akakikataa kikafutwa. Akautumia umaarufu wa kipindi kutangaza kinywaji chake, Skinnygirl, na mwaka 2011 akakiuza kwa kampuni ya Beam kwa bei iliyoripotiwa kufika dola milioni 100 hivi. Tena aliuza biashara ya vinywaji tu, jina la Skinnygirl kwa bidhaa nyingine akabaki nalo yeye.

Waliokuja baada yake walikuta mambo yamebadilika. Mikataba ya vipindi vya aina ile ilianza kudai asilimia kwenye biashara za washiriki, na katika tasnia ya runinga ya Marekani kifungu hicho mpaka leo kinaitwa kwa jina lake. Mwenye kipindi alikwisha kuelewa kwamba mali yenyewe ni jina la mshiriki. Swali ni kama mshiriki naye amelielewa hilo kabla ya kushika kalamu. Jina lako ni kiwanja. Mtu akikupa pesa ili alime msimu mmoja, hujamuuzia, lakini angalia vizuri karatasi usije ukawa umempa hati.

Mkataba wa ushiriki kwa kawaida huwa mrefu na huletwa kwa haraka. Mshiriki anapewa rundo la karatasi siku moja kabla ya kuingia kambini, wakati simu imeshachukuliwa au inakaribia kuchukuliwa, na kijana wa ofisini amesimama pembeni anaangalia saa. Moyo wa mshiriki uko kwenye taa na makofi. Anageuza kurasa akitafuta mahali pa kusaini. Ndani ya kurasa alizozigeuza mara nyingi mna ruhusa ya kutumia sura na sauti yake bila kikomo cha muda, sharti la kutunza siri, na kifungu cha kumfunga, yaani kinachomzuia kufanya kazi na washindani wa wadhamini kwa muda fulani. Mtu aliyefungwa na kampuni moja ya simu hawezi kuchukua dili la kampuni nyingine ya simu, hata ikija na pesa mara tatu.

Nchini Marekani, mwaka 2022, mshiriki mmoja wa kipindi cha mapenzi cha Love Is Blind alifungua kesi akidai kwamba walifanyishwa kazi hadi saa 20 kwa siku kwa malipo ya dola 1,000 kwa wiki, huku mkataba ukitishia kumdai dola 50,000 mshiriki atakayeondoka bila ruhusa. Mwaka 2024 pande mbili zilikubaliana fidia ya dola milioni 1.4 kwa washiriki. Linganisha malipo ya wiki na deni la kuondoka. Kwa kukaa wiki nzima unapata elfu moja, kwa kuondoka unadaiwa elfu hamsini.

Kwa hiyo omba nakala mapema, umpelekee wakili. Ada ya wakili kusoma mkataba mmoja inaweza kuwa ndogo kuliko nauli na nguo ambazo watu hutumia kujiandaa kwa usaili. Kama huna kabisa, kuna mashirika yanayotoa msaada wa kisheria bure katika miji mingi. Ukikaa naye, maswali yasiyokwepeka ni haya:

- Nalipwa nini kwa siku nitakazokaa, hata nikitolewa wiki ya kwanza?
- Zawadi italipwa lini, kwa mkupuo au kwa awamu? Kama ni gari au nyumba, usajili, ushuru na hati analipia nani?
- Nikishaondoka, mna sehemu gani katika kipato changu, na mpaka lini?
- Kampuni zipi sitaruhusiwa kufanya nazo kazi?
- Nikiugua au nikitaka kutoka, natozwa?
- Kama ni shindano la kuimba, je, nyimbo nitakazotunga nikiwa humo ni zangu?

Swali hilo la mwisho limewaumiza wengi. Katika mashindano ya muziki, zawadi mara nyingi huja na mkataba wa kurekodi. Unatangazwa jukwaani kama heshima, watu wanapiga vigelegele, na hakuna anayejua masharti yake. Mshindi anaweza kujikuta hawezi kutoa wimbo bila kibali cha watu ambao hawana haraka naye, wakati mshindi wa tatu, aliye huru, ameshatoa nyimbo mbili na anapigwa redioni.

Kwa ufupi: zawadi igawe kwa miezi kabla ya kuitamani, kodi iulizie kabla ya kuitumia, na mkataba usomwe na mtu asiye na shangwe yako.

Moto hauwaki muda mrefu

Umaarufu wa runinga una tarehe ya kuisha, na tarehe hiyo ni msimu unaofuata. Kipindi kikianza na sura mpya, mialiko inahamia kwao. Mbaya zaidi, kipindi chenyewe kinaweza kufa. Big Brother Africa haikurudi tena baada ya ule msimu wa 2014. Tusker Project Fame, iliyoanza mwaka 2006 na kuwakutanisha waimbaji wa nchi za Afrika Mashariki, ilifikia mwisho mwaka 2013. Aliyekuwa anategemea kutajwatajwa na kipindi alibaki na kumbukumbu.

Tazama nani wamebaki. Idris Sultan aliingia mjengoni akiwa mpiga picha mwenye kipaji cha kuchekesha, na alipotoka aliendelea pale pale: jukwaa la vichekesho, kisha filamu, hadi kuonekana kwenye Slay, filamu ya Afrika Kusini iliyotoka Netflix mwaka 2021. Walter Chilambo alihamia nyimbo za injili na huko ndiko alikojijenga upya. Peter Msechu hakushinda Tusker Project Fame mwaka 2010, alishika nafasi ya pili, na Watanzania bado wanamjua. Hata Marekani, Jennifer Hudson alitolewa American Idol mwaka 2004 akiwa nafasi ya saba, na mwaka 2007 akachukua tuzo ya Oscar. Kila mmoja wao alikuwa na kazi ambayo mkono ulikwisha kuizoea. Kamera iliwaonyesha watu kazi hiyo, haikuwapa.

Ndiyo maana naipenda sana njia iliyochukuliwa na Maisha Plus, kipindi kilichoanza mwaka 2009 chini ya Masoud Kipanya, mchora katuni. Vijana walipelekwa kijijini wakachota maji, wakalima, wakapika kwa kuni. Baadaye kikaunganishwa na Mama Shujaa wa Chakula, shindano la Oxfam la wanawake wakulima wadogo. Wale akina mama waliingia kwenye runinga wakiwa tayari na mashamba, wakajulikana kwa kilimo chao. Mama kama huyo akirudi kijijini, mvua zikianza anaingia shambani kama kawaida, na umaarufu unamwongezea wanunuzi na sauti kwenye mikutano. Hana haja ya kutafuta kiki.

Kiki, kwa msomaji asiyeishi Dar es Salaam, ni tukio la kutengeneza ili jina lisemwe: penzi la uongo, ugomvi wa kupangwa, picha ya utata. Inafanya kazi, siwezi kusema haifanyi. Lakini inavuta macho, haivuti mikataba ya maana. Benki inayotafuta mtu wa kutangaza akaunti ya watoto itakupita, na hutajua kwamba ilikupita.

Ubalozi, na malipo ya fulana

Baada ya kutoka, mlango wa kwanza wa kipato ni ubalozi, yaani kulipwa na kampuni ili sura yako ihusishwe na bidhaa yake. Vijana wengi wanaupokea kama fadhila. Wanapewa katoni za juisi, simu moja, fulana zenye nembo, na wanaposti kila siku. Mwenye nyumba hapokei juisi kama kodi ya pango. Kama hujafika mahali pa kulipwa fedha, basi kubaliana idadi ya posti na siku ya mwisho, iandikwe, na siku hiyo ikifika uache.

Anayelipa fedha naye ana mambo yake. Kampuni nyingi hulipa baada ya kazi, na "baada" inaweza kuwa miezi mitatu. Omba nusu ya malipo kabla. Uwe na TIN, yaani namba ya mlipakodi, uweze kutoa ankara na risiti, maana kampuni kubwa hailipi kwa maneno. Jina unalolitumia kibiashara lisajili: Tanzania Bara ni BRELA, Kenya alama za biashara zinashughulikiwa na KIPI. Kufanya hivyo kabla ya kuingia kwenye kipindi ni bora zaidi, kwa sababu jina likishavuma, kuna watu wanaoamka mapema kuliko wewe.

Mizinga

Sasa tuje nyumbani. Mshindi anatua uwanja wa ndege, kuna ngoma, kuna mabango, kuna watu wa ukoo aliowaona mara ya mwisho msibani. Wiki hiyo hiyo mizinga, yaani maombi ya pesa, inaanza. Mjomba ana shamba la kununua, nusu ya bei tu. Binamu amefukuzwa chuo kwa ada. Rafiki wa sekondari ana wazo la biashara, anataka mkae "dakika kumi tu". Wengine wana shida ya kweli kabisa, na hilo ndilo linalofanya jambo hili liwe gumu. Kumwambia mtu wetu asisaidie ndugu ni kumpa ushauri wa watu wasio na shangazi.

Njia inayowezekana ni kutenga fungu la ndugu mapema. Kaa na wazazi kabla hela haijaingia benki, tajeni kiasi, labda sehemu moja ya kumi, na mchague mtu mzima anayeheshimika alisimamie. Maombi yaende kwake. Ada zilipwe moja kwa moja shuleni, dawa zilipwe hospitali. Fungu likiisha, limeisha kwa wote, na hakuna atakayesema umembagua.

Zilizobaki ziweke mahali ambapo jibu la "zimefungwa, mama mdogo" litakuwa kweli. Akaunti ya muda maalumu, ambayo benki inakupa riba kwa sharti la kutoigusa kwa miezi kadhaa, ni kimbilio zuri la mwanzo, maana katika miezi hiyo shangwe inapoa na akili inarudi. Ukishatulia, zipo hati fungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa miaka kadhaa huku ikikulipa riba, na mifuko ya pamoja kama Mfuko wa Umoja wa UTT AMIS, ambapo pesa za watu wengi huwekezwa pamoja na wataalamu. Hakuna kati ya hivyo kitakachokupigisha picha mtandaoni. Gari litakupigisha picha, na kila mwaka litataka bima, matairi na mafuta kutoka kwenye ile milioni nne na kidogo ya mwezi.

Simu uliyoiacha nje

Jambo moja wengi hawalifikirii kabisa. Mshiriki akiwa ndani hana simu, na hizo ndizo wiki ambazo kurasa zake mitandaoni zinakua kuliko wakati wowote wa maisha yake. Anayeziendesha ni rafiki, mpenzi au mtu aliyejiita meneja. Huyo ndiye anayejibu ujumbe wa kampuni, anayekusanya michango ya pesa za kumpigia kura, anayeposti matangazo. Akiwa mwaminifu, unatoka unakuta biashara imeshaanza. Akiwa si mwaminifu, au mmekosana tu, unatoka na wafuasi laki tatu ambao huwezi kuwafikia bila kumbembeleza mtu, kwa sababu akaunti ilifunguliwa kwa laini yake ya simu na barua pepe yake.

Kabla ya kuingia, hakikisha laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA na barua pepe ni yako. Andikeni karatasi, hata ya ukurasa mmoja, mkiwa na shahidi: anayeendesha kurasa atalipwa nini, matangazo gani anaruhusiwa kuchukua, michango ya kura inaingia akaunti ya nani na hesabu yake italetwa lini. Karatasi hiyo hiyo itaje siku ya kubadilisha nywila zote, na siku hiyo iwe ile unayotoka, kabla hujakaa kwenye kiti cha mahojiano ya kwanza.